Pikapu Inagonga Nikiwa Peke Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimerudi kazini, mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu. Na gari nalo likanipokea kwa marungu! Ko. Ko-ko. Kila shimo, kila tuta. Nilikuwa nimeshusha kabati la seremala kwa mteja, narudi mtupu, nikadhani kamba inaburuza. Nikashuka, nikainama — hakuna kitu. Nikapanda. Ko!

Nimepotea njia mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akisema pinda hapa, pinda pale, na kupatana na wateja. Mimi kazi yangu usukani tu.

Binti yangu kapiga simu jioni. Zamani alimpigia mama yake, mimi natumiwa salamu. Sasa tuna simu na hatuna maneno. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Basi nikamwambia gari linagonga. Hapo akachangamka — linagonga wapi, lini, breki je? Tukaongea mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi tunamwita Spana, mrefu, mwembamba, na kichwa kidogo. Akakaa kiti cha abiria, tukazunguka mtaa mzima. Hakuna hata chembe ya mlio! Nikayafuata mashimo makusudi, wapi. Nikamshusha, nikaondoka. Sijafika kona — ko! Nikageuza, nikamchukua tena. Kimya.

Akaniambia kwa upole kwamba msiba huchosha hata masikio. Nikakasirika. Akabadilisha shokapu ya mbele kuondoa lawama. Nimerudi nyumbani nikigongewa njia nzima.

Binti akaniuliza kama nasikia mlio huo peke yake au na sauti za watu. Swali lile sijalipenda.

Jumatano, 5 Machi

Bado. Nimekaza kila nati ninayoifikia. Jeki nimeitoa chini ya kiti, nikaifunga kwa tambara. Ko-ko.

Binti leo kabadilika. "Baba, unasikia mlio asiousikia fundi. Ijumaa nitakuuliza. Kama bado linagonga, Jumamosi tunakuja, mimi na mkweo. Gari tunaliuza, wewe unakuja kukaa kwetu." Kwao! Kukaa sebuleni, kutwa nitazame watu wakienda kazini! Mtoto niliyembeba mgongoni leo ananipangia pa kulala. Bila gari mimi ni nani? Nikamwambia usiku mwema kabla hajamaliza.

Halafu nikafagia chumba cha wageni. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Seremala kanipa vitanda viwili na sanduku la misumari. Nyuma kumejaa, sanduku nikaliweka kwenye kiti cha abiria. Nimefika kwa mteja ndipo nikashtuka — njia nzima halijagonga! Mzigo wa nyuma, nikawaza. Nikashusha vitanda, sanduku nikalisahau pale pale. Nyuma kutupu, na bado kimya. Nikarudi kumpa mteja misumari yake. Kuondoka — ko!

Nikasimama kando ya barabara. Nikatoa tairi la akiba, nikalikalisha kitini, nikalifunga mkanda. Kimya. Nikaliondoa. Ko! Nikalirudisha. Kimya. Mama mmoja anauza mboga akaniuliza huyo abiria wangu anashukia wapi. Acheni wacheke! Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani.

Kumbe halijapata kunyamaza kwa bahati. Linagonga kiti kile kikiwa kitupu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa Spana ufunguo, nikamwambia nenda peke yako. Karudi kichwa chini. "Nimelisikia, mzee. Nisamehe."

Akapiga jeki. Kabini imekaa juu ya mipira minne, na ule wa upande wa abiria umeliwa mpaka bolti inacheza. Mtu akikaa, uzito wake unaibana kabini, inatulia. Kiti kikiwa kitupu inanyanyuka na kujipiga kwenye chesisi. Nikamuuliza umeisha lini. Akaugeuza mkononi. Huu si wa mwezi huu, mzee, hii ni kazi ya miaka.

Miaka! Basi gari lilitaka kugonga siku zote hizo, na mke wangu amelikalia. Nami nilikuwa nikimtania kwamba mwili wake unalionea gari. Nikaenda nyuma ya gereji, nikalia. Sikulia hivyo hata makaburini. Spana akajifanya anatafuta nati.

Mpira mpya umefungwa. Nimerudi nyumbani peke yangu, kila shimo nimelikanyaga. Kimya. Nilidhani nitafurahi. Nimemkosa sana leo, kuliko siku zote.

Binti amepiga sasa hivi. Salamu, marahaba, kisha — haya baba, limegonga leo? Nikamwambia subiri nichukue miwani. Miwani ninayo usoni. Simu nimeiweka mezani, naandika.

Nikisema limepona, kesho hawaji. Gari langu, kazi yangu, nyumba yangu. Na jioni tutaulizana nini? Nimekula, nimelala. Wiki mbili hizo, kisha atachoka, na haki yake. Nikisema bado, kesho mlango huu utagongwa na watu, wataingia na viatu, watapiga kelele jikoni — halafu wataondoka na ufunguo. Na mimi nyuma yao.

Uongo mdogo. Au ukweli mdogo. Vyote viwili vinaniuma.

Namsikia akimwambia mumewe apunguze televisheni, baba anatafuta miwani. Mume anasema jambo, wanacheka kidogo. Nyumba yao ina sauti nyingi.

"Baba? Upo?"

Nimeinama kwenye simu, nikamjibu nipo.

Anauliza tena, polepole, kama anayemuuliza mtoto: linagonga, au haligongi?