Mkono Usiofika Sikioni

Jumatatu, 1 Septemba

Chaki zimelowa tena, paa linavuja juu ya kabati. Madawati hayatoshi. Watoto wa mwaka wa kwanza wanalia, mama zao wanalia, na mimi nimekunywa chai bila mkate.

Directeur, mkuu wetu wa shule, amesimama mlangoni, anapima. Asiye na cheti cha kuzaliwa anapitisha mkono wa kuume juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umri umetimia, anaingia. Hata mimi niliingia shule hivyo, kule Lubero.

Akaja mtoto anaitwa Masika. Amekimbia vita upande wa Beni, anaishi kwa shangazi yake anayeuza maharage hapo barabarani. Vidole vikakwama juu ya paji la uso. "Huyu angali mudogo. Arudie mwaka ingine." Shangazi akasema, "Mais Directeur, iko na myaka saba." Directeur alikuwa ameshaita mwingine. Imenikera siku nzima.

Alhamisi, 4 Septemba

Masika yuko dirishani. Tangu juzi. Nikiuliza swali, jibu linatoka nje kabla ya ndani. Directeur amemfukuza, akarudi. Sifundishi vizuri nikitazamwa hivyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Kozi za Jumamosi, chuo cha ualimu. Asubuhi saikolojia ya mtoto: akili hukua kwa hatua, na hatua haipimwi kwa urefu wa mtu. Nikauliza, na kwa sikio je? Darasa zima likacheka. Nusu yetu tuliingia shule kwa sikio.

Mchana maadili ya kazi. Mwalimu humtii mkuu wake. Mwalimu hutanguliza masilahi ya mtoto. Zimeandikwa zikifuatana, kana kwamba hazijawahi kugombana. Nikauliza zikigombana itakuwaje. Mhadhiri akasema tutaliona mbele. Nimerudi nyumbani na hasira.

Jumanne, 9 Septemba

Kozi inasema: mimina kitu kilekile kutoka kopo jembamba hadi kwenye sahani, muulize mtoto kama kimepungua. Aliye mdogo hudanganywa na macho. Nimejaribu darasani kwa maharage. Karibu wote wamesema yamepungua. Nikaenda kwa shangazi, nikamjaribu Masika. Alinionea huruma. "Madame, ni ile ile. Haukupunguza kitu."

Nikamweleza Directeur. Amesema maharage si kipimo cha serikali. Kwani sikio ni la serikali? Hilo nimeliandika hapa tu. Ijumaa anafunga uandikishaji. Baada ya hapo mwaka wa mtoto umekwenda.

Jumatano, 10 Septemba

Usingizi haukuja. Asubuhi nimemwingiza Masika darasani bila ruhusa. Basi.

Alhamisi, 11 Septemba

Wimbo wa asubuhi, mikono yote juu. Masika aliinua mmoja tu, wa kushoto. Nikadhani ni mzaha. Nikaukamata wa kuume niuinue. Hakupiga kelele. Machozi tu. Kiwiko cha mkono ule kinafika usawa wa bega, zaidi ya hapo hakiendi.

Mchana nikambana shangazi. Walipokimbia, mtoto alianguka toka kwenye pikipiki. Mfupa ukaunga vibaya. Kwa nini hukusema mlangoni? "Bangejua iko kilema, bangemukatala."

Masika ameniomba jambo moja. "Usiambie batoto bengine. Hata Directeur." Nikaahidi, bila kufikiri.

Najikasirikia. Nilibeba maharage, nikabeba na hatua zote za kukua, mkono wenyewe sikuuliza habari yake.

Ijumaa, 12 Septemba

Nikisema, nimevunja neno mbele ya mtoto. Nisiposema, hana shule.

Nikaingia ofisini kabla ya kengele. Nikamwomba Directeur apime mkono wa kushoto. Akataka sababu. Nikamwambia sababu ni siri ya mtoto, siwezi kuitoa, nakuomba ujaribu tu. Alikasirika kweli. Mwalimu amwekee siri mkuu wake, kisha amwingize mtoto darasani kwa wizi? Nikaomba tena.

Mwishowe akasema, "Bon. Muleteni."

Mkono wa kushoto ulipita juu ya kichwa, ukashika sikio lote la kuume, ukalivuta. Directeur akatazama ule mwingine unaoning'inia. Akautazama sana. Hakuuliza. Akamwandika.

Kisha akanipa mimi demande d'explication, nijieleze kwa maandishi kwa nini nimevunja utaratibu. Sawa. Itakaa kwenye faili langu mpaka nizeeke. Nilitamani kumchukia, sikuweza.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Nimekabidhi maelezo yangu, mistari miwili. Sikujitetea.

Masika ameketi benchi la pili, ukutani, upande ambao hakuna wa kumsukuma bega.

Nimewaambia watoto kwamba katika darasa hili, anayetaka kujibu huinua mkono wa kushoto. Najua mama zao watasema nawafundisha utovu wa adabu. Hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini. Kozi inasema umri huo sheria ya mkubwa haiulizwi, na kwa mara ya kwanza kozi imenifaa.

Nikauliza swali. Mikono ya kushoto ikainuka darasa zima. Directeur alikuwa anapita. Akasimama mlangoni kidogo, akaendelea na njia yake.

Masika naye alikuwa ameinua. Nikamwita wa tatu, kama mtoto mwingine yeyote.