Neno la Chaki Mezani kwa Baba

Dukani kwa Baba,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, wifi na mapacha wako wa kike? Na mguu ulioteguka, umepona? Natumaini bado unauma kidogo. Huku tu wazima, isipokuwa Baba, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Tangu mapacha waanze kusema Kiingereza kitupu, Baba aliapa hatakuwa bubu mbele ya wajukuu zake. Kila asubuhi aliandika neno jipya kwa chaki ya kushonea kwenye meza ya kukatia nguo, tena yale mazito ya kamusi. Alilitafuna siku nzima huku akikanyaga cherehani. Mimi nikitia vifungo, nilikuwa mwanafunzi wake kwa lazima. Wateja nao walikoma, maana hakupimwa mtu bila kulisikia.

Siku ile ya simu ya video alivaa koti. Akawaambia wanao, kwa neno refu kuliko suruali, kwamba furaha yake haina kipimo. Wakaangua kicheko. Ni watoto, siwalaumu. Wewe je, mtu mzima na ndevu zako? Ulimwomba arudie, naye maskini akadhani umependa, akarudia. Kumbe unamrekodi, ukamrusha kwenye kundi la simu la ukoo mzima.

Binamu yetu kinyozi ndiye aliyemwonyesha, mbele ya wateja wake. "Mzee, njoo ujione ulivyo nyota!" Wote wakacheka. Baba hakuweza hata kuondoka, maana alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja. Alisubiri upande wa pili, akashukuru, akarudi dukani akaifuta meza kwa kiganja. Tangu hapo hajaandika kitu, na mimi hanisemeshi ila kuhusu vifungo.

Hongera, msomi wetu. Mzee aliyekushonea sare za shule umemgeuza kichekesho. Hujafa hujaumbika, na wanao wameshajifunza kwako jinsi ya kumcheka baba.

Yale magauni aliyowashonea mapacha wako nimeyagawa kwa wajukuu wa fundi viatu, jirani yetu. Walipokuja kujipima walimrukia Baba magotini wakimwita Babu. Ni neno fupi. Wako hawalijui.

Msalimie wifi, yeye hakucheka. Baba hakutuma salamu, ingawa nilimuuliza mara mbili. Mungu awakuze mapacha, wafanane na mama yao.

Dada yako akupendaye, kwa kuwa sina ndugu mwingine.