Mkeka Sebuleni

Jumanne, 6 Mei

Zamu, treni, yoga. Mgongo unawaka. Wazee ninaowatunza kazini wazito, na mashine ya kuwanyanyulia imeharibika tena. Daktari ndiye aliyenituma kwenye hii yoga, ukumbi wa Lidcombe. Mwalimu ni Megan, Mzungu mpole. Mwisho tunalala chali, macho tumefumba. Anauita mlalo wa maiti. Hapo tu ndipo mgongo unaninyamazia.

Kanisani sijasema kitu. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo za kwaya, na mchungaji keshasema yoga ni mashetani.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya mazoezi nyumbani. Sofa zote ukutani, mkeka katikati, nikajifunika kitenge. Baridi ya huku ugenini Guildford siyo mchezo. Mama Neema, jirani yangu na mwenzangu wa kwaya, kapita dirishani. Hakugonga.

Ningejua. Kwetu ukiona sebule imeondolewa viti na mwanamke kalala chini, huulizi. Ni msiba.

Muda si muda wanakwaya wamejaa mlangoni, wanalia tayari, sufuria za maharage na wali mikononi. Mama Neema kanikumbatia: "Pole, dada. Ni mama?" Wanajua Mama anaumwa kule kambi ya wakimbizi Kigoma, mimi ndiye niliyeomba wamwombee. Nikasema hapana, Mama mzima. Nikasema ni yoga.

Jamani! Wamebeba sufuria zao wakaondoka. Natamani ardhi inimeze.

Jumapili, 11 Mei

Habari zimemfikia mchungaji, nimetolewa kwenye kwaya. Mama Neema kaanzisha wimbo wangu, tena juu mno, wenzake wakaishia kupiga kelele. Nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe.

Nje kaniambia: "Umetutoa machozi ya bure. Mama mzazi yuko kitandani, wewe unachezea msiba." La mashetani halijaniuma. Hili limeniuma.

Jumanne, 13 Mei

Sasa sikia vituko. Megan katangaza mabadiliko. Hakuna tena kuimba Om, lile neno takatifu la Kihindi. Hakuna salamu ya namaste, hakuna kukutanisha viganja kifuani. Kuna waliolalamika kwamba ni dini, kuna waliosema Wazungu wameiba cha Wahindi. Yeye kachoka na wote. Kuanzia leo ni darasa la kunyoosha viungo. Mlalo wa maiti unatisha wateja, tuuite mapumziko.

Sunita, mama wa Kihindi anayelala pembeni yangu, kakunja mkeka wake kipindi hakijaisha. Nimemkuta kituoni. Bibi yake aliimba hiyo Om kila alfajiri, kasema. Walipoiimba Wazungu vibaya alivumilia. Ikifutwa hawezi kuvumilia. Harudi.

Nami nimekasirika. Nimefukuzwa kwaya kwa ajili ya kitu ambacho hata Megan amekitupa.

Jumatatu, 19 Mei

Kazi. Mgongo. Hakuna wa kanisani aliyenisalimia dukani.

Alhamisi, 22 Mei

Kaka kapiga simu kutoka Kigoma. Mama amefariki alfajiri ya kwao.

Nimempigia Mama Neema. Hapokei. Nimejaribu kuandika ujumbe, nimeufuta.

Nimesukuma sofa ukutani. Nimetandika mkeka. Nimewasha taa, pazia nimelifungua lote ili waone.

Jioni Mama Neema kapita. Kasimama dirishani, kaniona chini. Katikisa kichwa, kaenda zake.

Najua amedhani nini.

Chai niliyowaandalia imepoa. Pazia nimeliacha wazi.