Figo ya Mjukuu wa Mwosha Maiti

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta siku ambayo si ya mashine ya kusafisha damu, ukiwa na nguvu ya kusoma. Bibi hajambo, nami sijambo. Naandika kwa sababu simu ya humu ndani ni moja na Bibi ndiye anayeipokea.

Majibu yametoka. Figo yangu inakufaa. Muuguzi nilimwomba arudie mara mbili.

Siku ya vipimo Bibi nilimwambia naenda kutafuta kazi ya kushona. Lakini jana nikiwa naosha vyombo alinishika mkono, akautazama karibu na kiwiko. Mtu aliyeosha maiti miaka thelathini hafichwi tundu la sindano. Hakugomba. Alichukua kitambulisho changu akakifunga kwenye pindo la nguo yake, na bila hicho hospitali hawanipokei. Sasa kila msiba anakoitwa ananichukua nimshikie birika, nisibaki peke yangu.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Naendelea. Siku tatu kwa wiki, saa nne nne, nimefungwa kwenye mashine kama mbuzi kwenye kigingi. Hata pua ikiwasha naomba msaada. Lakini nani alikutuma ukapime? Nilikuomba lini?

Unakumbuka yule daktari kijana wa mwaka jana? Aliingia na viatu mpaka sebuleni, akamweleza Mama, bibi yako, habari za viungo kama anayeuza vipuri. Mama akamfungulia mlango atoke. Tangu hapo sote tunajua kwamba kwake kutoa kiungo ni haramu, na neno figo halitajwi. Usigombane naye kwa ajili yangu. Ichome barua hii.

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum, na pole kwa kulazwa. Barua sikuichoma.

Muuguzi wa figo, yule aliyenipa majibu, alikuja nyumbani, mama mtu mzima anayejisitiri kama sisi. Alivua viatu mlangoni, akasubiri Bibi amalize sala ya alasiri. Hakuanza na figo. Alimuuliza kazi yake, kisha akauliza aliyepasuliwa tumbo anaoshwaje. Bibi akamwonyesha kwa mikono: maji ya vuguvugu, kitambaa laini, mshono usikandamizwe. Na aliyepungukiwa kiungo je, huwa anamrudisha? Bibi akacheka. Akasema ameosha asiye na mguu na asiye na titi, na wote wamevishwa sanda na kuombewa dua kama wengine.

Muuguzi akasema wanazuoni wengi wanaruhusu mtu kutoa figo kwa hiari, ikiwa madaktari wanaona hatadhurika. Wengine hawakubali, na imamu wetu yupo tayari kuulizwa.

Bibi alimmiminia chai. Kisha akasema, "Haramu mmesema nyinyi, mimi sijawahi kusema. Baba yake huyu nimeshamzika. Dada yake yuko kwenye mashine. Na huyu nimpeleke kwa miguu yangu, halafu niitwe nimwoshe?"

Mwaka mzima, shangazi, na hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa imamu. Aliporudi alinipa kitambulisho, akaingia jikoni. Sasa mtaa mzima unajua. Wanawake wananibusu kwenye paji la uso, wananiita mkombozi wa ukoo. Nakwambia wewe tu: naogopa. Kwanza nilizuiwa nisiende, sasa siwezi kurudi nyuma.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Leo nimeweza kunywa uji. Soma polepole.

Muuguzi atakuita peke yako, bila Mama, bila mimi. Ukimwambia hutaki, atatuambia madaktari hawakuona kwamba unafaa, basi, hatasema zaidi. Nami sitauliza. Nitaendelea na mashine yangu, na kwenye arusi yako nitacheza na plasta zangu mkononi. Sitaki figo ya mtu aliyeona haya kukataa.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Nisamehe kwa kimya. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimeamua kukataa.

Nilikwenda kwa muuguzi na maneno nimeyakariri njia nzima. Akafunga mlango, akaweka kalamu chini, akasema, "Lolote utakalosema halitoki humu." Nikalia. Nikamwambia naogopa kutoamka. Hakunibembeleza. Alinieleza nini kinaweza kuharibika, na ni kwa watu wangapi. Akasema watakaonivua nguo ni wauguzi wanawake, na kwamba naweza kusema hapana hata nikiwa nimeshalala kwenye kitanda cha upasuaji.

Kwa wiki nyingi kila mtu alikuwa akinivuta au akinisukuma. Mle ndani hakuna aliyenigusa. Nilikaa saa nzima nikisubiri furaha ya kukataa, haikuja. Nilichokiona ni wewe unaomba mtu akukune pua.

Nimemwambia nitakuja. Ni Jumanne. Bado naogopa, usidhani nimekuwa shujaa. Bibi atakaa kwenye korido, na ameshawagombeza wauguzi wawili kabla hata ya siku yenyewe kufika. Kitanda cha dirishani nimekuombea wewe. Usibishane nami.

Mwanao