Kichupa Namba 417

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Mabomba mnayochomelea huko yamefika wapi? Sisi tupo, tunajikaza. Mama hajambo, ila usingizi umempaa, na ukimuuliza anadai mwenye wasiwasi ni jirani.

Simu ya Jumanne ilikatikakatika, kwa hiyo nianze na mwanao. Ni wa kike. Amezaliwa wiki ya ishirini na nane, kilo moja na gramu sitini. Yumo ndani ya kisanduku cha joto, mpira mwembamba umepita puani, na unyayo wake ni mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Mashine ikilia, roho inanitoka. Muuguzi anabonyeza kitufe, anasema ni waya tu umelegea. Jana mtoto alisahau kupumua mara mbili. Muuguzi akamkuna unyayo, akakumbuka. Daktari anasema siku kumi za mwanzo ndizo ngumu. Leo ni ya nne.

Wifi anatembea kwa kushika ukuta. Anakamua maziwa, yanatoka matone, naye anayashangilia.

Kaka, kwa miaka kumi na mmoja umenitania kwamba nimesomea mikojo na damu za wake za watu. Maabara yetu hupima homoni inayotoka kwenye kondo la nyuma. Tunashuku kwamba ikipanda mapema, uchungu nao huja mapema. Tunashuku tu, hatujathibitisha. Ndiyo maana vichupa vina namba bila majina, na mkuu wetu amekataza mama yeyote asiambiwe matokeo, tusije tukawatia watu hofu kwa kipimo ambacho sisi wenyewe bado hatukiamini.

Wifi alijitolea kutolewa damu ya utafiti huo kwa ajili yangu. Alinipigia simu akicheka, kwamba amepewa namba 417, sawasawa na namba ya nyumba yenu.

Sasa niseme lililonikaba. Wiki mbili kabla hajajifungua, nilikipima kichupa 417 kwa mikono yangu. Homoni ilikuwa mara tatu ya kiwango cha wiki zile. Nikarudia, ikatoka vilevile. Mchana huohuo wifi alipita kunionyesha nguo za mtoto, akauliza mbona nimepauka. Nikamwambia ni njaa. Tangu hapo kila alipopiga simu, nilizungumza mengine. Nikajiambia ni sheria. Uongo, kaka. Ningeweza kumhimiza tu aende akaangaliwe, bila kutaja kipimo. Niliogopa kupoteza kazi, na niliogopa zaidi kuonekana mjinga kama kipimo kingekuwa kimekosea.

Jana nilimweleza. Akaniuliza, "Ulijua, wifi?" Nikasema nilijua. Akauliza iwapo mtoto angebaki tumboni kama yeye angewahi hospitali. Nikamjibu sijui, lakini pengine angechomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Alifika amechelewa, hakuipata. Hapo akageukia ukutani. Baadaye akasema nikuandikie mwenyewe, kabla hajakuandikia yeye.

Mkuu wangu nitamweleza kesho asubuhi, liwalo na liwe.

Wasalimie wenzako kazini. Hasira zako ni haki yako, njoo nazo, ila njoo upesi. Wifi amenikataza kumgusa mtoto mpaka wewe useme. Naandika nikiwa nje ya kioo, nahesabu pumzi zake.

Ni mimi, mdogo wako.