Siku Ishirini Ambazo Sikusoma

Alhamisi, 5 Septemba

Kimeanza! Kiingereza cha Juu, darasa la kumi na moja, chumba namba 14. Tuko kumi na tisa. Mwalimu mgeni, Bi. Pruitt, katoka Connecticut na viatu vyeupe. Vyeupe! Huku Maine, tena huku juu kabisa kwenye viazi. Nampa wiki mbili, vitakuwa rangi moja na shamba.

Katugawia mkataba. Mkataba kweli, kurasa tatu, mwanafunzi atie sahihi na mzazi atie sahihi. Kitabu kisomwe chote, si muhtasari wa mtandaoni. Kwenye mjadala wa duara kila mtu aseme si chini ya mara tatu. Kazi iwe yako mwenyewe, na udanganyifu wowote ni kutoka siku hiyohiyo na kuandikwa kwenye rekodi inayokwenda vyuoni. Ukiwa chini ya themanini mwisho wa robo ya kwanza, unarudi Kiingereza cha kawaida. Anasema yeye hafukuzi mtu, mtu hujifukuza mwenyewe. Alitabasamu aliposema hivyo.

Mama kausoma wote akiwa wima, akatia sahihi kama anayeozesha binti, nakala kaibandika kwenye friji. Kaka yangu Roland alishushwa kutoka darasa hilihili enzi zake, wiki ya tatu tu. Nyumbani hakuna anayelitaja na hakuna aliyelisahau. Na barua za kuombea chuo, Bi. Pruitt anawaandikia wa Juu peke yao. Basi mimi sishuki ng'o.

Jumanne, 17 Septemba

Duara la kwanza. Viti vimezunguka, Bi. Pruitt nyuma yetu na kikaratasi, anatia alama kila mtu akifungua mdomo. Nimesema mara tatu. Ya tatu nilisema tu, nakubaliana na Luc. Hakutia alama! Nilimwona kwa jicho la pembeni. Kalamu haikusogea.

Luc Theriault, jirani yetu, kasema mara moja tu na darasa zima likainamia madaftari kuandika alichosema. Anaudhi. Nampenda kama ndugu lakini anaudhi.

Ijumaa, 20 Septemba

Shule imefungwa kwa mavuno. Wiki tatu, kama kila mwaka tangu bibi yangu akisukwa misuko miwili. Bi. Pruitt anadhani ni likizo! Kasema tuna bahati, alikotoka yeye hakuna mapumziko ya vuli.

Kisha katoa madaftari ya kijani. Ukurasa mmoja kwa siku, siku ishirini, kuanzia Jumatatu hadi tarehe 12 Oktoba. Kushoto unanakili sentensi ya kitabu, kulia unaandika ulichofikiri siku hiyo. Tarehe juu. Hataki lundo la kazi ya dakika ya mwisho, anataka kuona akili inavyotembea kila siku. Theluthi moja ya alama za robo.

Luc alinyoosha mkono, akaushusha. Tulipotoka nikamuuliza mbona kashusha.

“Ningemwambiaje? Kwamba viazi vinanizuia kusoma? Angeandika kwenye kile kikaratasi chake: huyu ni wa kawaida.”

Sote kumi na tisa tuliogopa kikaratasi.

Jumatatu, 23 Septemba

Saa kumi na moja alfajiri juu ya mashine ya kuvunia viazi. Mimi, Luc, Roland na binamu. Mama yake Luc anaendesha lori pembeni, Baba anavuta trekta. Mkanda unaleta viazi, mawe, mabonge ya udongo na panya mmoja marehemu. Viazi vinapita, vingine vyote unatupa. Mpaka giza.

Jioni nilifungua kitabu. Sentensi moja nimeisoma mara nne. Humo kitabuni kuna mama anawasubiri wanawe watoke machimboni. Macho yakaendelea kuona mkanda, maneno yanapita na mimi natafuta mawe.

Jumamosi, 28 Septemba

Sijasoma. Mgongo. Mikono. Mgongo tena.

Jumatano, 2 Oktoba

Mkanda umekatika saa nane mchana. Baba na Luc chini ya mashine hadi saa moja jioni, matope mpaka masikioni. Sisi tuliobaki tukaokota kwa mikono na vikapu, maana redio inasema usiku ardhi itaganda, na kiazi kikiganda ni cha kutupa. Nimesinzia mezani, pua karibu iingie kwenye chapati yangu ya ploye na siagi yake. Bibi kanivua buti kama mtoto mchanga. Sijasoma.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumemaliza jana jioni. Lori la mwisho limeingia ghalani, Baba kapiga honi mpaka mbwa wakalia.

Leo baada ya misa nimefungua daftari la kijani. Kurasa ishirini, nyeupe pe.

Nimempigia Luc. Yeye anazo nne, za siku za mvua tulizoacha kazi mapema, mimi nikalala. Anasema atapeleka hizo nne na barua. Barua! Nikamwambia alama za robo hazina nafasi ya barua, je, kapiga hesabu mwenyewe? Kasema kapiga. Atafika sabini na tatu. Lakini huenda mwalimu akaelewa.

Sabini na tatu! Na anapiga mluzi kwenye simu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika mara moja tu, nisirudie.

Nimesoma jana na leo, kwa kurukaruka. Nimejaza kurasa zote ishirini. Kalamu nne tofauti. Siku nyingine mwandiko mzuri, siku nyingine ovyo kama wa mtu aliyechoka. Tarehe 27 niliandika kwa penseli, nikaongeza kwamba kalamu imepotea shambani. Tarehe 2 Oktoba nimeandika kwamba nilisoma kwa tochi nikisubiri mashine itengenezwe, na nikamfikiria yule mama wa kitabuni. Kisha nikatoka uani, nikachukua udongo kidogo, nikaupaka kwenye pembe ya ukurasa kwa kidole gumba.

Huo udongo ndio unaonitia aibu. Kuandika ningeweza kujitetea, njaa ya alama. Lakini kutoka nje kuufuata!

Mama kapita, kaona nimeinama mezani, kaniwekea chai, kaondoka kwa kunyata asinikatize.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekabidhi. Luc kakabidhi yake na bahasha juu. Wengine sita nao wamepeleka nusu au robo daftari, wote watoto wa mashambani. Bi. Pruitt kayakusanya. Viatu vyake sasa ni vyeusi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mungu wangu.

Bi. Pruitt kaingia na daftari langu mkononi. Kasema amesoma yote kumi na tisa na kuna moja lililomfanya aketi chini. Akaanza kusoma kwa sauti. Tarehe 2 Oktoba, tochi, mashine, yule mama. Anasoma vizuri, sauti imeshuka kabisa, wasichana wa mbele wakageuka kunitazama. Kisha akalinyanyua juu.

“Tazameni hapa pembeni. Mnauona? Huu ni udongo.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Ile ile niliyoichota.

Halafu akasema jambo jingine. Kwamba alipopata ile barua na madaftari nusu, alihisi amekosea. Alikuwa ameshaamua kutuongezea wiki mbili, wote, na hata alishamwambia mwalimu mkuu msaidizi. “Mpaka nikafika kwenye daftari la Corinne. Shamba lilelile, saa zilezile. Basi inawezekana. Singewatendea haki kama ningejifanya haiwezekani.”

Hakuna nyongeza. Mkataba unabaki mkataba.

Luc amekaa viti viwili kutoka kwangu. Hakugeuka. Alikuwa anakwangua ukucha wake taratibu, kama hayumo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Njia ya mwongo fupi, Bibi husema. Ya kwangu imekuwa ndefu mno, kila mtu ananipongeza njiani. Mama kasikia habari za daftari kanisani, kwa mama wa mwanafunzi mwenzangu. Kanikumbatia kwenye maegesho mbele za watu. Roland kaniita Profesa, bila kejeli. Bila kejeli kabisa! Hilo ndilo limenichoma.

Jioni nilimkuta Luc kwenye ghala letu, anachambua viazi vya mbegu na Baba. Baba alipotoka nikamuuliza.

“Utasema?”

“Niseme nini?”

“We Luc. Unajua.”

“Nilisimama hatua moja kutoka kwako siku ishirini. Najua hata ulipiga chafya mara ngapi.”

“Basi sema. Umalize.”

“Si daftari langu, Corinne.” Akachagua kiazi, akakigeuzageuza. “Ila umeandika vizuri. Ile ya tochi hasa. Nilikuwa chini ya mashine nikisikia Baba yako anatukana, kumbe juu kuna mtu anasoma.”

Akacheka. Mimi nikalia. Hakunibembeleza, akaendelea kuchambua. Baadaye akasema Alhamisi, robo inapoisha, wamemwita na mama yake shuleni, kumsainisha karatasi ya kuhamia darasa la kawaida. Mama yake anasema atakwenda kubishana, kwani yeye ndiye aliyekuwa kwenye lori na anajua watoto walikuwa wapi.

Anajua watoto walikuwa wapi. Hata mimi anajua nilikuwa wapi.

Jumatano, 23 Oktoba

Sikula. Nikisema, natoka leo leo na rekodi inakwenda na mimi kila chuo. Nikinyamaza, Luc anatoka, na wale sita. Nimejaribu kutafuta njia ya katikati. Nimeitafuta siku nzima, hata kwenye hisabati. Haipo. Mkataba uko kwenye friji na kila nikitaka maziwa nauona mwandiko wa Mama.

Nilifika mpaka mlangoni pa chumba namba 14 baada ya kengele. Bi. Pruitt kanyanyua kichwa kabla sijasema kitu. Kafurahi kuniona! Alikuwa na ombi. Nimwandikie nusu ukurasa tu, jinsi nilivyoweza kusoma kila siku wakati wa mavuno. Atamsomea Bi. Theriault, mama yake Luc, kesho. Si kumwaibisha mtu, anasema, ni kumpa moyo. Nikaitikia ndiyo. NDIYO! Mdomo huu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Maktabani. Kipindi cha sita. Nimepewa ruhusa ya kuandika ile nusu ukurasa na kikao ni hapahapa, kwenye kile chumba cha kioo nyuma ya rafu. Nawaona wote.

Mwalimu mkuu msaidizi yuko na faili. Bi. Pruitt yuko na daftari langu la kijani, kalilaza mezani kwa adabu. Luc kavaa shati la kola. Mama yake kaingia sasa hivi. Kavaa koti la kanisani. Kaosha mikono mpaka imekuwa myekundu. Aliponiona kupitia kioo, uso ukamfunguka, akanipungia mkono kwa nguvu. Anadhani nimekuja kumtetea mwanawe. Nani mwingine angejua, kama si mimi?

Nikampungia.

Nimeandika sentensi moja nikaifuta. Nimeandika nyingine nikaichana. Luc anaongea ndani, sisikii. Mama yake anatikisa kichwa, anaonyesha vidole, anahesabu saa za kazi labda, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Bi. Pruitt anamsikiliza, kisha anaweka kiganja juu ya daftari langu. Taratibu. Anaanza kulifungua.

Nimeandika ya tatu. Ni fupi: siku zile ishirini sikusoma. Sikuifuta.

Bi. Pruitt katoka mlangoni, anauliza niko tayari, wananisubiri. Nimemwomba dakika. Anasema chukua muda wako, mpenzi. Anadhani haya ninayoandika humu kwenye shajara ndiyo ile kazi. Mkono wa kushoto umefunika karatasi yenyewe, wa kulia hauachi kuandika, na kiganja cha kushoto kina jasho, wino usije ukafutika — amekuja mwenyewe, amesimama juu yangu, amenyoosha mkono aipokee