Kibanda cha Juu ya Bwawa

Entin, hupokei simu, basi sikiliza ujumbe huu upesi!

Lile tangazo la kijiji chetu aliloandika binti yangu Elis kazini kwa mkuu wa kijiji, la wageni na wanunuzi wa viwanja, litaniua. Mtoto kaandika: "Bwawa la samaki lenye kibanda cha mianzi, mahali pa kutulia peke yako." Uongo hakusema. Nani hatulii mle?

Sasa wamekuja mume na mke kutoka Jakarta. Nimewapikia samaki wa bwawani. Mama wa watu kalamba vidole! "Mtamu huyu. Mnawalisha nini?"

Mume wangu Dadang, bila haya: "Vya nyumbani tu, bibi. Kila asubuhi, familia nzima."

Familia nzima, Entin! Nikamkanyaga mguu.

Sasa huyo mama anataka kunywa chai kibandani. Chai! Chooni! Nimemwambia Elis aseme ukweli, analia tu, eti mkuu wa kijiji atamfukuza kazi.

Wanateremka kwako sasa hivi, maana picha ya kwenye tangazo ni kibanda chako.

Entin, naona moshi wa sigara ya mumeo kutoka huku juu. Mtoe mle!